Mgeni na Salamu Katika Jiji la Mwanza

Jiji la Mwanza limejengwa juu ya majabali, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, na wakazi wake wametoka pande zote za ziwa hilo. Wasukuma ndio wengi. Pamoja nao wamo Wakerewe na Wakara wa visiwani, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wakurya na Wajaluo, na tena Wahindi na Waarabu ambao wazee wao waliingia kwa biashara. Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1892. Reli itokayo Tabora ilifika mwaka 1928. Na mji ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Tangu mwezi wa Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi, msafiri wa Geita na Bukoba hangoji tena kivuko mahali hapo. Kwa hiyo wageni wanaopita Mwanza wakielekea Serengeti, kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, au visiwa vya Ukerewe, ni wengi, na wengi wao huja na kijitabu cha maneno ya Kiswahili mfukoni.

Kijitabu hicho kwa kawaida humfundisha mgeni maneno machache: jambo, asante, tafadhali, hakuna matata. Maneno hayo ni ya Kiswahili, wala hakuna awezaye kuyakana. Lakini mgeni ayatumiaye yote kama alivyofundishwa aweza kukaa Mwanza wiki nzima na kuonekana mtu asiye na adabu, hali yeye mwenyewe anadhani amejitahidi. Sababu yake ni kwamba adabu ya mji huu haimo katika maneno ya upole yaliyotiwa juu ya usemi kama chumvi juu ya chakula. Imo katika utaratibu wa mazungumzo wenyewe: nani aanze, amwite mwenziwe kwa jina gani, amwulize nini, na haja yake aitaje lini. Katika kurasa hizi utaratibu huo utaelezwa hatua kwa hatua, na itaonyeshwa jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoubeba.

Neno "jambo"

Hapana budi kuanza na neno ambalo mgeni hulianza nalo. Salamu "hujambo" ni sentensi kamili: ina kikanushi na nafsi ya pili, na maana yake ni kwamba msalimiwa hana jambo, yaani halikumfika neno baya. Jibu "sijambo" nalo ni sentensi kamili. Mtu anayesema "jambo" peke yake ameondoa nafsi na ameondoa kanusho; limebaki lile jambo lenyewe ambalo salamu ilikusudiwa kulikanusha. Zaidi ya hayo, hakumsalimu mtu yeyote, maana neno halina mwenyewe. Haliwezi kusema kama anayesalimiwa ni mmoja au ni wengi, ilhali "hujambo" na "hamjambo" husema.

Hata hivyo "jambo" limeenea sana katika kazi ya utalii. Wimbo wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, uliotungwa kwa ajili ya wageni wa mahoteli ya pwani, ulilipeleka mbali katika miaka ya mwanzo ya 1980, na pamoja nalo ule usemi wa "hakuna matata", ambao filamu ya Marekani ya mwaka 1994 iliutangaza dunia nzima. Mkazi wa Mwanza huuelewa usemi huo, lakini yeye mwenyewe, katika maisha yake ya kila siku, husema "hamna shida" au "haina shida".

Matokeo yake yanastahili kuangaliwa na watu wa lugha. Kijana anayewapokea wageni kwenye geti la hoteli humwambia mgeni "jambo", kisha papo hapo humgeukia mzee wa Kimwanza aliyesimama karibu na kumwambia "shikamoo". Pamezuka, basi, Kiswahili cha namna mbili: kimoja cha wenyeji, na kingine walichotengewa wageni. Neno ambalo mgeni amefundishwa liwe ufunguo wa kuingilia ndilo limwachalo nje ya mlango.

Umri ndio kipimo

"Shikamoo" hudhaniwa kuwa ni ufupisho wa maneno ya kale yenye maana ya kushika miguu ya mkubwa. Jibu lake, "marahaba", asili yake ni Kiarabu. Salamu hii ilitoka pwani ikafika ziwani pamoja na misafara, biashara na shule, na leo Mwanza yatumika na watu wa makabila yote. Wapo wanaoipinga kwa kuwa, kwa maoni yao, ina harufu ya utumwa. Lakini katika matumizi ya sasa haipimi ubwana wala utwana. Methali yasema: heshima si utumwa.

Kipimo chake ni umri, nacho humtatiza mgeni kwa njia mbili. Kwanza, mgeni wa miaka 25 ambaye analala katika hoteli ya gharama hudhani kwamba mlinzi wa mlangoni, aliye na miaka 60, ndiye apaswaye kumwamkia. Sivyo. Fedha ya mgeni humpa chumba, haimpi umri. Yeye ndiye aseme "shikamoo", na akisema hivyo ataona uso wa mzee ukibadilika. Pili, mgeni mwenye mvi huamkiwa na watoto njiani, "shikamoo babu", "shikamoo bibi", naye hujibu "jambo", au "asante", au hucheka tu akapita. Mtoto amefundishwa na mamaye kwamba shikamoo ni amana inayorudishwa kwa marahaba. Isiporudishwa, huona kwamba adabu aliyofunzwa nyumbani haina thamani mbele ya wakubwa wa namna fulani. Neno moja tu la mgeni lingetosha kuzuia funzo hilo baya.

Shikamoo inapokuwa haifai, kwa kuwa waliokutana ni marika, ndipo hutumika "habari", au kwa vijana "mambo", ambayo hujibiwa "poa" au "safi". Vitabu vingine vya wageni vimeitia hii ya mwisho bila kueleza kwamba ni ya vijana kwa vijana. Mgeni anayemwambia mama mwuza samaki mwenye wajukuu "mambo" ametoka katika kosa la "jambo" akaingia katika kosa kubwa zaidi.

Pamoja na salamu huenda jina la kumwitia mtu. Mwanza, kama kwingineko nchini, mtu mzima haitwi kwa jina lake tupu na asiyemjua. Huitwa baba, mama, kaka, dada, babu, bibi, au mzee. Mwalimu huitwa mwalimu hata baada ya kustaafu. Na mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, kama vile Mama Neema. Majina haya hayadai ujamaa wa damu. Kazi yake ni kumpa kila mmoja mahali pake katika mazungumzo, ili ijulikane kama ni mkubwa anayezungumza na mdogo, au rika na rika mwenziwe.

Kisukuma kilicho chini ya Kiswahili

Kwa wakazi wengi wa Mwanza waliokulia vijijini Kiswahili si lugha ya kwanza, na adabu ya Kiswahili imekuta hapo adabu nyingine yenye mizizi. Msukuma husalimu asubuhi kwa "mwangaluka", na mchana hata jioni kwa "mwadila". Baada ya salamu hutajwa asalimiwaye: mwanamke mtu mzima huitwa "mayu", yaani mama, na mwanamume "baba". Salamu bila jina hilo huonekana imekatika. Desturi hii ndiyo iliyohamia katika Kiswahili cha mjini, ambamo "shikamoo mama" na "habari za asubuhi, baba" husikika zaidi kuliko salamu iliyo tupu.

Umbo la salamu hizi nalo lina funzo. Mkubwa asalimiwapo, husikika umbo lenye mw- mwanzoni, yaani umbo la wengi, ingawa aliye mbele ya msalimu ni mtu mmoja. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, hakitumii wingi kwa heshima. Huwaachia kazi hiyo "shikamoo" na majina ya ukoo. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwa Kisukuma, anapozungumza Kiswahili, hutafuta mahali pengine pa kuiweka heshima ambayo lugha yake ya kwanza iliiweka katika kiambishi. Huiweka katika sauti ya chini, katika kuinama kidogo, na katika kushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto wakati wa kupeana mikono au kutoa kitu. Wanawake wa vijijini hupiga goti wanapowasalimu wakubwa. Mgeni hatazamiwi kupiga goti. Hutazamiwa tu asilione goti hilo kuwa kichekesho, wala kulipiga picha kana kwamba ni mchezo.

Mgeni anayejifunza "mwangaluka", "mwadila" na "wabeja", yaani asante, hupokelewa kwa furaha, hasa akitoka mjini kwenda Kisesa au Bujora. Lakini aangalie jambo moja. Kisukuma hakina sauti ya r, na wazee wengi husema "kalibu" mahali pa "karibu". Watu wa sehemu nyingine za nchi wamelifanya hilo kuwa mzaha, na kati ya watani mzaha huo una ruhusa yake. Mgeni hana utani na mtu yeyote hapo. Akiuiga usemi huo ili achekeshe, amejitwalia ruhusa asiyopewa. Hata jina la mji lenyewe hukumbusha kwamba matamshi ya Kiswahili si ya kwanza hapo: Mwanza ni Ng'wanza kwa Kisukuma, na watu wengi hulihusisha jina hilo na nyanza, yaani ziwa.

Habari ni nzuri, kisha

Baada ya shikamoo huja habari: habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za safari, za watoto. Mgeni huona mlolongo huu mrefu, na majibu yake, "nzuri", "salama", "njema", yanamshangaza zaidi, kwa kuwa husikia "nzuri" hata pale ambapo mambo si mazuri. Mtu aliyefiwa juzi huulizwa habari, naye hujibu, "Nzuri, ila tuna msiba." Baadhi ya wageni wamefikiri kwamba hapa watu husema uongo kwa adabu.

Hawasemi uongo. "Nzuri" ya kwanza si taarifa. Ni idhini ya kuendelea. Hutangulia ili anayeuliza asitupiwe msiba ghafula kabla hajajiandaa, na ili aliye na msiba achague mwenyewe kama atausema au hatausema. Anayekatiza mlolongo huo baada ya "nzuri" ya kwanza na kuingia katika haja yake amemnyima mwenziwe nafasi ya ile "ila". Kwa hiyo habari mbili tatu si kupoteza wakati. Ndizo zinazompa nafasi mwenye jambo la kusema alitoe.

Likitokea, jibu lake ni "pole", na neno hili wageni wengi hulichanganya na "samahani". Samahani huomba kusamehewa, na husemwa na mwenye kosa. Pole haikiri kosa lolote; hushiriki mzigo wa mwingine. Husemwa kwa mgonjwa, kwa aliyefiwa, kwa aliyejikwaa, na hata kwa mtu aliye kazini, "pole na kazi", au aliyewasili, "pole na safari". Aliyemkanyaga mtu katika daladala apaswa kusema yote mawili: samahani kwa kosa lake, na pole kwa maumivu ya aliyekanyagwa. Akisema pole peke yake, amejitenga na kosa kana kwamba mguu ulioumiza ni wa mtu mwingine.

Kando ya ziwa hili neno pole lina uzito wake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na watu zaidi ya 800 wakafa. Wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Mgeni anayesafiri kwa meli, akiuliza kwa mzaha kama chombo kitafika, hajui kama aliye mbele yake ni mjane au yatima wa mojawapo ya siku hizo. Ziwa huzungumzwa kwa adabu kama anavyozungumzwa mkubwa.

Haja na namna ya kuitaja

Salamu zikiisha, haja hutajwa. Hapa ndipo kijitabu cha wageni humwambia atumie "tafadhali". Neno hili ni la adabu katika matangazo, katika barua na katika hotuba. Katika mazungumzo ya sokoni ni adimu, na likitamkwa kwa mkazo huwa ni onyo: anayesema "tafadhali sana!" mara nyingi yu karibu kukasirika. Kazi ambayo wageni huitaka kwa neno hilo hufanywa na kitenzi "kuomba". "Naomba maji", "naomba kupita", "naomba unisaidie" ni adabu kamili, na havihitaji nyongeza. "Nataka", kinyume chake, ni neno la mtu anayedai haki yake. Mgeni asemaye "nataka samaki" hakutukana, lakini amesema kama mdai.

Mahali pazuri pa kuyaona haya ni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Jina la soko ni lugha ya ziwa: mwalo ni pwani ambapo mitumbwi hushusha samaki, na mialo imetapakaa kandokando ya ziwa lote. Hapo huuzwa sato, sangara, na dagaa waliokaushwa, ambao hupimwa kwa kopo au sado. Mteja mwenye adabu husema kwanza "shikamoo mama" au "habari za kazi", akaongeza "pole na kazi", ndipo aulize bei. Bei ikiwa kubwa hasemi "punguza", bali "nipunguzie kidogo". Tofauti ni ya viambishi viwili vidogo, lakini maana imegeuka. "Punguza" huiamuru bei ishuke; "nipunguzie" huomba fadhila kati ya mtu na mtu, na mwuzaji akikubali, amempa mteja kitu. Naye asiyenunua husema "asante, nitarudi", au "asante, biashara njema", wala haondoki kimya.

Picha nazo ni haja, kwa hiyo hufuata utaratibu uleule. Wanawake wanaoanika dagaa na wavuvi wanaoshona nyavu si mandhari. Wamo kazini, na wengine hawapendi kuonekana katika nguo za kazi. "Naomba kupiga picha" husemwa baada ya salamu, na "hapana" hukubaliwa mara ya kwanza. Majengo ya jeshi na mahali pengine palipokatazwa na serikali hapapigwi picha kabisa. Tena mgeni ajue kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo aende sokoni na kikapu.

Kuingia na kutoka katika nyumba

Aliyealikwa nyumbani hupiga hodi. Hodi si kugonga mlango tu. Ni neno linalosemwa, na ni la kungojea "karibu". Kwa desturi hupigwa mara tatu, na isipojibiwa mgeni huondoka bila kinyongo. Ndani huvua viatu akiona wenyeji wamevua. Akikuta watu wanakula husikia "karibu chakula", naye aliye na haraka hujibu "asante, endeleeni", asikae kimya. Akila, hunawa kwanza na hula kwa mkono wa kulia. Akiletewa ugali kwa sato, au michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa Kisukuma, huonja hata kama hana njaa.

Ambaye angetaka kuiona adabu ya ziwani kwa urefu wake hana haja ya kukisia. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981, alimaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka; tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Humo kusalimiana, kukaribishwa, kula na kuagana hakupitwi kwa haraka, bali huandikwa kama matendo yenye uzito sawa na ndoa na ugonjwa. Msomaji aliyezoea hadithi za mbio huenda akachoka. Mtu wa lugha hupata humo hazina kubwa.

Kuondoka nako kuna hatua zake. Mgeni hasimami ghafula na kusema kwaheri. Hutangulia kusema "naomba kuaga", hungoja apewe ruhusa, kisha mwenyeji humsindikiza hatua kadhaa njiani. Anayemkatalia mwenyeji kumsindikiza, kwa kudhani anamwondolea taabu, humnyima sehemu ya mwisho ya ukarimu wake.

Yapasayo vitabu vya wageni

Katika haya yote kosa la mgeni mara nyingi si lake. Alifundishwa orodha, hali kilichohitajiwa ni utaratibu. Kitabu cha wageni ambacho kingeandikwa kwa ajili ya Mwanza kingeweza kuwa kifupi kuliko vilivyopo, lakini kingefuata mpango mwingine. Kingeanza na shikamoo na marahaba, kikieleza nani amwambie nani. Kingeitia "jambo" kama neno la kuelewa linaposikika, si la kufundishwa. Kingeweka pole na samahani katika kurasa mbili tofauti, kila moja na mifano yake. Kingeiacha "tafadhali" mahali pake katika matangazo, na kufundisha "naomba" mahali pa "nataka". Na kwa kila mji kingeongeza ukurasa mmoja wa lugha iliyo chini ya Kiswahili: Mwanza Kisukuma, Bukoba Kihaya, Musoma lugha za huko. Kazi ya kuukusanya ukurasa huo ni ya wataalamu wa lugha, na haifai kucheleweshwa, kwa sababu wazee wanaoamkiana kwa "mwangaluka" kila asubuhi katika vitongoji vya Mwanza wana wajukuu ambao wengi wao husalimu kwa Kiswahili peke yake.